Duka la Mikate Kando ya Ziwa

Mdogo wangu anaoa mwezi ujao, na kwa kuwa asili ya mchumba wake ni Wahindi wa Kachi, wameamua fungate wakaile huko huko. Juzi alikuja kwangu hapa Mayfair, huku kusini mwa Afrika, akanisukumia simu yake kabla hata sijammiminia chai.

"Sista, cheki hii. Mji unaitwa Bhuj. Wameweka sehemu zote za kutalii."

Picha ya kwanza ilikuwa ya lango la ukuta wa kale. Ya pili, ziwa katikati ya mji. Zikafuata jumba la kifalme lenye kumbi za vioo na ngome iliyo juu ya kilima. Nilijikuta nimekamata ukingo wa meza. Mji huo mimi nimeutembea wote, tena na yeye nikiwa nimempakata, ingawa India hatujawahi kuikanyaga, si mimi wala yeye.

Ngoja nikueleze. Nyumba yetu ya utotoni ilipakana ukuta na ya mjane mmoja wa Kihindi na mwanawe muuza viungo. Bibi yangu, mzaa baba, alikulia Tanga, uani kwa Wahindi ambako mama yake alikuwa mpishi, kwa hiyo Kikachi alikisema kama maji. Siku aliyogundua kwamba jirani naye anakisema, sisi tulikoma kula kwa wakati. Sufuria ya mchuzi wa nazi iliungua mara nyingi bibi akiwa ukutani anacheka. Bhajia zilivuka kuja kwetu, mkate wa kumimina ukavuka kwenda kwao. Baba alikuwa fundi cherehani Yeoville, katikati ya Wakongo, akiondoka asubuhi na teksi na kurudi na nyuzi kwenye nywele. Mama alikuwa amekwenda Tanga kuuguza.

Kisha ikaja siku ile ambayo watu waliamua kwamba sisi wageni ndio tumeharibu mji. Asubuhi redio ilisema kuna fujo mbali na kwetu. Mchana mageti ya chuma ya maduka yakaanza kushushwa mtaani, moja baada ya jingine, na mlio ule hadi leo unanitia baridi. Simu ya baba ikawa haipatikani. Jirani alitugongea kwa mlango wa uani, hakusalimia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimbeba mdogo wangu, akatuingiza kwenye stoo yake ya viungo, akafunga.

Stoo ilikuwa na magunia ya mchele, bizari na pilipili kavu. Pilipili ile ilitukaa kooni. Mdogo wangu alikuwa na umri ule wa kulia bila sababu, na sasa sababu alikuwa nayo. Nje tulisikia kelele za watu, vioo vinavunjika, kisha nyimbo. Nilikuwa na hofu hadi nikajikojolea, na sioni haya kukuambia.

Bibi akanong'ona kwa Kiswahili ili nami nisikie, "Na mwanao yuko wapi?"

Jirani Kiswahili cha kuokoteza alikuwa nacho. "Amekwenda na gari yake. Kuchukua mwanao."

Basi wazee wale wawili kila mmoja alikuwa na mtoto wake nje, kwenye gari moja au pengine si gari moja, na hakuna aliyejua. Bibi alifunika uso kwa kanga. Ndipo jirani alipoanza kusema polepole kwa Kikachi, na bibi akawa anatufasiria sikioni. Tunaingia Bhuj kwa lango kubwa. Jua likizama malango hufungwa, adui hapiti. Mbele kuna ziwa. Kule juu ni ngome. Twende tukaone kumbi za vioo. Na kando ya ziwa kuna duka la mikate lenye mlango wa buluu na ngazi nyekundu. Mwenye duka huwapa watoto kipande cha mkate wa moto, kimepakwa siagi.

Kelele zilipokaribia, jirani alitutoa katikati ya jumba la kifalme na kuturudisha haraka dukani. "Kaeni kwenye ngazi," bibi akafasiri. "Mkate unakaribia kutoka." Mdogo wangu alinyamaza, akiusubiri.

Geti likagongwa. Jirani alitoka peke yake. Sauti ya mwanamume iliuliza kama ndani kuna makwerekwere, ndivyo walivyotuita sisi wageni. Kizulu nilikielewa, kwa hiyo nilimsikia jirani akijibu, "Mwanangu, kwenu mnagonga kwa mjane bila kusalimia?" Kisha yule mtu akasalimia, kwa adabu kabisa. Jirani akaitikia, akamwambia humo ndani yumo yeye na magoti yake mabovu. Wakaenda zao.

Aliporudi aliikalia mikono yake. "Tulikuwa wapi?" aliuliza.

"Kwa mwoka mikate," bibi akasema.

Baba alifika kabla ya magharibi, akatolewa chini ya magunia nyuma ya gari, manjano mwili mzima kwa bizari. Wakongo aliofanya kazi jirani nao walikuwa wamemficha saluni hadi gari likafika. Bibi alimpiga kofi, kisha akalia. Jirani alimshika mwanawe masikio yote mawili.

Sasa, kwenye simu ya mdogo wangu nilitafuta duka la mikate. Halikuwepo. Jana nikaenda Fordsburg kwa yule mwana wa jirani, ambaye siku hizi ana mvi na bado anauza viungo.

"Bhuj?" alicheka. "Eish, mama hakuwahi kufika. Alisimuliwa na bibi yangu."

"Na duka lenye mlango wa buluu?"

Aliacha kupima bizari. "Hilo la babu. Lilikuwa Pageview, hapo tu. Mama alikulia kwenye ngazi zile. Makaburu waliwafukuza Wahindi wote, wakabomoa mtaa."

Nilitembea hadi huko kwa miguu. Ni kiwanja kitupu, majani na chupa. Jirani amekufa, bibi amekufa, na ukuta waliochekea umeongezwa matofali na nyaya za umeme. Nilimkumbuka mama yule gizani, mwanawe hajulikani alipo, akituficha kwenye nyumba aliyokwisha kubomolewa. Nililia pale pale, watu wakipita.

Kisha nikampigia mdogo wangu, nikamwambia akifika ziwani asihangaike kutafuta mkate.

"Mkate gani, sista?"

"Uliokunyamazisha," nikasema. "Kabla hujapanda ndege, mlete mchumba wako Pageview. Kuna mahali pa kutalii."