Mama Giza na nguzo ya taa getini

Saa tisa alasiri, jua bado kali, mwanamke mmoja amepanda juu ya stuli katika korido ya nyumba ya wageni. Anafunga balbu kwa kitambaa chekundu. Akimaliza moja anashuka, anasukuma stuli kwa mguu, anapanda tena.

"Miaka kumi na tisa nimelipwa kuhakikisha taa zinawaka," anamwambia mwandishi huku akicheka. "Leo nalipwa kuzizima. Hebu nieleweshe, mwanangu, wewe uliyesoma."



Nyumba hii ya vyumba sita iko juu ya kilima, mwisho wa barabara ya vumbi. Majirani humwita msimamizi wake Mama Giza, jina la utani ambalo sasa limeganda. Kati ya kila wageni wanne wanaolala hapa, watatu huja kutazama nyota. Mijini wanakotoka taa ni nyingi mno, nyota hazionekani, kwa hiyo wanapochagua pa kulala hawaulizi kitanda wala chai. Wanauliza giza.

Mara ya kwanza alidhani anatukanwa.

"Mzee mmoja alipiga simu, akasema, 'Samahani mama, huko kwenu kuna giza?' Nikamjibu, giza liko kwenu, baba! Sisi tunawaka usiku kucha. Akashukuru, akakata. Nikajua huyo nimempata."

Hakumpata. Na kwa bidii zake akamshawishi mwenye nyumba anunue taa nne kubwa za uani. Kundi lililofuata liliziona zikiwaka, likageuza gari bila kushusha hata begi moja. Mwalimu mstaafu aliyekuwa nao ndiye aliyeshuka kumweleza kwa upole kwamba jicho huchukua karibu nusu saa kuzoea giza, na mwanga mweupe hulirudisha mwanzo mara moja. Mwekundu hausumbui sana.

Tangu siku hiyo amekuwa fundi wa giza. Kingo za ngazi amezipaka chokaa ili mgeni asijikwae, na friji ya sebuleni ameifunika shuka kwa sababu ya taa yake ndogo ya mbele. Wageni wameongezeka, na mshahara wake umepanda mara mbili.

Kinachomvuruga akili kiko nje ya geti. Jumamosi kamati ya mtaa itapiga kura kuhusu taa za barabarani, na nguzo ya mwisho itasimama hapo hapo. Mwenye nyumba amesema wazi kwamba taa zikija wageni watahama, naye atafunga. Wajumbe ni saba. Watatu wanazitaka, watatu wenye maduka yanayotegemea wageni hawazitaki, na wa saba ni Mama Giza. Tena barua ya kuomba taa hizo aliiandika yeye, miaka saba iliyopita, kabla hajajua kwamba giza lina soko.

Binti yake ni mhudumu wa zahanati ya bondeni, na hurudi usiku kwa barabara hiyo. Mwezi uliopita alitumbukia mtaroni akavunjika mkono.

Anaingia na vikombe viwili vya chai, mkono wa kushoto ukiwa kwenye plasta.

"Mama, nilishakwambia usihangaike. Nitanunua tochi."

"Tochi ulikuwa nayo siku ile."

Binti anaweka chai mezani na kutoka.

"Nawaambia wageni, tazameni, giza zuri hilo," Mama Giza anasema, safari hii bila kucheka. "Hapo hapo roho iko juu, namsubiri huyu apite kwenye giza lile lile. Asipofika silali. Sasa mimi ni mtu wa namna gani? Sijielewi."

Nyuma ya kilima kaka yake ana nyumba tupu, haina umeme, anga lote wazi. Alikwenda kuiona Jumapili. Paa linavuja na gari halifiki, lakini anataka kumwomba vyumba viwili vya kuanzia. Kama kuna mgeni atakayekubali kutembea hadi huko, hajui.

Na kura je?

Anakaza fundo la kitambaa kwenye balbu ya mwisho.

"Nitainua mkono taa ziwekwe. Nikishauinua, sijui nitakula nini. Lakini nitalala."