Tapika Pumzi

Mimi na wifi yangu hatukuanza vizuri, niseme ukweli. Siku kaka alipomleta nyumbani nilimvuta kaka pembeni nikamwambia, "Huyu sauti yake itatutoboa masikio." Sikujua kwamba sauti ile ndiyo inayomlisha. Leo ni mwaka wa tisa tunafanya kazi jengo moja, mimi karani wa mapokezi katika kliniki ya kifua, yeye mpimaji wa pumzi, na kati ya meza yangu na chumba chake kuna ukuta mwembamba wa mbao. Akipiga chafya, mimi ndiye wa kumwambia "Afya!"

Chumba chenyewe ni kidogo: kiti kizito kisicho na magurudumu, maana wapo wanaopata kizunguzungu, kompyuta, na bomba la mashine lenye mdomo wa karatasi ngumu unaotupwa kila mgonjwa akimaliza. Mgonjwa anabanwa pua na kibanio, anavuta hewa mpaka ajae pomoni, anafumba midomo kwenye bomba, kisha anaitoa yote kwa mkupuo mmoja mpaka iishe kabisa. Hapo ndipo wifi anapoanza. "Puliza! Puliza! Usiache! Bado ipo, bado ipo, bado ipoooo!" Mara ngapi mtu wa kwenye benchi ameniuliza kwa mnong'ono, "Dada, kuna anayejifungua humo ndani?"

Nyumbani tulimwita Mama Puliza. Jina nimelianzisha mimi na sijutii.

Lakini miaka yote hiyo sijazoea kile kioo cha kompyuta yake. Mtu anatoa pumzi, kitu kisichoshikika wala kuonekana, na hapohapo mstari unachorwa: unapanda ghafla, unafika kileleni, unashuka taratibu. Wifi aliwahi kunieleza kwamba mtu mwenye afya hutoa sehemu kubwa ya pumzi yake ndani ya sekunde moja tu, na kwamba hata ujikamue vipi, kuna hewa inabaki ndani isiyokubali kutoka. Nilikaa pale mdomo wazi. Kumbe natembea, nakula, nagombana na watu, na hayo yote yanafanyika kifuani bila mimi kuombwa ruhusa!

Basi wakaja watafiti na dawa mpya ya pumu. Vituo vilikuwa vingi, na sharti likawa kila mgonjwa aambiwe maneno yaleyale yaliyoandikwa kwenye karatasi iliyopitishwa na kamati ya maadili ya utafiti. Zamani wifi alijiongezea ya kwake, mara abembeleze, mara atishe, mara aoneshe kwa mikono. Sasa karatasi ilimfunga mdomo. Kwenye kutoa pumzi likabaki neno moja tu, "Puliza." Ili mtu aingie kwenye utafiti alipaswa kutoa pumzi mara tatu zinazofanana. Zikipishana sana, anarudi siku nyingine. Nafasi zilikuwa tatu, basi.

Akaja seremala mmoja, mtu mzima, vumbi la mbao bado limo kwenye nyusi. Kifua chake kilipiga filimbi, nikakisikia kabla hajanitajia jina. Alikuwa na pumu tangu utotoni, na dawa alizozoea hazikuwa zikimfikisha popote. Ameacha kupanda ngazi, ameacha kushika randa, anakaa tu karakana akiwaelekeza wengine. "Nikikosa hii," aliniambia akijaza fomu, "nagawa zana zangu, nasubiri siku yangu." Alisema hivyo bila hata kuinua kichwa.

Siku ya kwanza mistari yake haikufanana. Siku ya pili ndiyo ikawa balaa kabisa. Ikabaki nafasi moja. Nilimwona mkewe akimshika kiwiko wakitoka, uzalendo ukanishinda, nikaingia chumbani kwa wifi bila hodi.

"Wifi, si uandike tu kwamba zimefanana? Nani atajua?"

Alinitazama kama nimetema mate mezani. "Nikiandika uongo hapa, hiyo dawa nayo itakuwa ya uongo. Kuna mtu ataivuta mwaka kesho akiamini itamponya. Hebu toka, niache nifikiri."

Nilitoka nimenuna. Mwanamke ana kichwa kigumu yule, mawe matupu!

Kumbe alikuwa anafikiri kweli. Jioni nilikuwa jikoni kwake, napuliza chai yangu inayochoma, akaacha kukata vitunguu akanikodolea macho.

"Hebu rudia."

"Nirudie nini?"

"Hicho ulichofanya. Puliza."

Nikapuliza. Midomo imebinuka, tundu dogo, mashavu yamevimba, hewa inatoka kwa adabu zake.

Alipiga ukelele mpaka kaka akaja mbio akidhani kisu kimemkata. "Jamani! Tunawaambia wapulize, na wao wanapuliza! Wanapuliza chai! Wanapuliza mishumaa! Mashine haitaki kupulizwa, inataka mtu atapike!"

Nilitaka kucheka, kicheko kikagoma. Wagonjwa wangapi tumewarudisha nyumbani tukisema hawawezi, na kosa ni la neno tunalolisema kila siku? Walikuwa wanatutii, maskini. Nikajionea aibu, na wifi naye akakaa kwenye stuli akashika tama.

Kesho yake wifi alimweleza daktari wa utafiti, naye akaiandikia kamati kuomba neno libadilishwe, lisomeke "Tapika pumzi." Kamati ikamtuma mjumbe, mama mmoja mwalimu mstaafu, gauni limenyooka, miwani ina mnyororo.

"Neno hili halina adabu," alisema. "Mgonjwa ni mgeni wetu. Haambiwi atapike."

Wifi hakubishana, jambo ambalo sijaliona kabla wala baada ya siku ile. Alimkalisha kwenye kiti, akambana pua, akamwambia kwa sauti ya upole, "Mama, vuta hewa ujae. Haya, puliza." Mstari ukajikokota, ukapinda, ukalala.

"Ahsante, mama. Sasa samahani sana. Vuta, ujae, ujae, ujae... TAPIKA!"

Miwani ilimruka ikabaki inaning'inia. Mstari ukasimama wima kama msumari, ukafika karibu na ukingo wa kioo. Yule mama alitoa bomba mdomoni, macho yamemtoka, akanyoosha kidole akakigusa kile kilele.

"Hii ni yangu?"

"Ni yako, mama. Ilikuwa humo siku zote."

Kidole kikabaki palepale. Kisha akavaa miwani yake. "Nitawaambia wenzangu adabu ikae pembeni kidogo," alisema.

Ruhusa ilifika kwa vituo vyote, seremala akiwa amebakiwa na siku nne kabla ya muda wa kujaribu kwisha. Siku alipokuja niliacha meza yangu, simu inalia, nikasimama mlangoni kwa wifi. Anayetaka kunishitaki kwa mkubwa wangu na anishitaki. Nilikuwa naomba Mungu.

"Vuta, ujae... TAPIKA PUMZI!" Ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita, lakini akakohoa mpaka akashika magoti, na mkewe, aliyesimama nami mlangoni, akanifinya mkono kwa kucha zake. Wifi alimwacha apumzike, hakumharakisha. Ya tatu ikatoka. Mistari mitatu ikalala mmoja juu ya mwingine hata usijue upi ni upi. Haikuwa mirefu, ilikuwa ya mtu mwenye nusu tu ya pumzi anayostahili, ila ilikuwa ya kweli. Wifi akatia sahihi, na mimi nikarudi mezani nikilia na kujibu simu kwa wakati mmoja.

Seremala alipewa dawa. Kama ilikuwa mpya au ya kawaida hakujua yeye, hakujua daktari, hakujua wifi. Utafiti ndivyo ulivyo, na mimi mpaka leo sijui. Wiki ya kumi na mbili akarudi kupimwa. Wifi akapaza sauti yake, mstari ukapanda, ukaupita ule wa kwanza, ukaendelea kupanda. Mpimaji hatakiwi kuonesha furaha wala huzuni mbele ya mgonjwa, kwa hiyo wifi aligeukia dirisha akajifanya anatafuta kalamu.

Seremala wala hakukitazama kioo. Alikuwa amekaa, kiganja kifuani, anavuta hewa polepole, anaitoa, anavuta tena. Hakukuwa na filimbi. Halafu akaniona mlangoni.

"Karani, nyinyi mnapumua hivi?"

"Ndiyo, fundi."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Alimtazama wifi, akanitazama mimi, kama watu waliomficha jambo kubwa maisha yake yote.

"Na mnanyamaza tu!"