Poda Niliyomtumia Mwanangu

Mhariri, nakuomba ulifiche jina langu, maana hata kwetu gazeti hili husomwa.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na moja, kwetu ni mbele ya Kisumu, nilisoma hadi darasa la nne. Huu ni mwaka wa sita nalima bustani ya Wazungu huku Lavington. Mke wangu na watoto wako nyumbani kwa mama.

Mwaka huu mke wangu aliniandikia kwamba mtoto wetu wa miezi mitano amechubuka mapajani hadi nyama inaonekana. Mimi kila siku humwona yaya akimpaka mtoto wa memsahib poda nyeupe, na mtoto yule amenawiri. Nikashuka mjini, nikanunua kopo kama lile katika duka la Mhindi, nikampa mtu wa kwetu aliyekuwa akienda likizo. Nikaagiza wapake kwa wingi, wasifanye ubahili.

Barua ikaja na shukrani. "Baba watoto, vidonda vinakauka. Tena mtoto ametulia, halii, analala tu mchana kutwa. Hata ziwa halitaki sana, anatapika kidogo."

Nilifurahi, nikaisoma kwa sauti jikoni. Mpishi, mzee wa Kikamba, akatoa kabatini pakiti ya dawa anayonyunyizia mende.

"Soma, wewe msomi."

Nikasoma: asidi ya boriki. Nikatazama kopo la mtoto wa memsahib: asidi ya boriki.

"Sasa mwanao ni mende?" Akacheka, kisha akaona uso wangu, akairudisha pakiti kabatini.

Memsahib aliniambia nisiwe mjinga, poda ile ni ya watoto. Lakini dresa mmoja wa hospitali aliniuliza, "Walipaka juu ya ngozi nzima isiyochubuka au juu ya kidonda?" Nikasema kidonda. Akatikisa kichwa, akasema hapo dawa huingia mwilini.

Siku ile ile niliandika walitupe kopo. Niliona haya kutaja sababu, nikadanganya kwamba limeshika unyevu. Wakalitupa, mtoto akaamka, sasa anatambaa.

Ila kabla barua haijafika, mke wangu alikuwa amemshtaki shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, ambaye hajapata mtoto. Alisema ana jicho baya, alimbeba mtoto kanisani ndipo usingizi ukaanza. Mama akamfukuza arudi kwao. Mtoto akaamka wiki ile ile aliyoondoka. Nani atabisha?

Mdogo wangu ameniandikia: "Kaka, wewe ndiye mwenye mtoto. Mimi bado nampenda. Sema neno moja, nimrudishe au nikadai ng'ombe wangu wa mahari?"

Huu mwezi wa pili sijajibu. Nikisema kweli, mama atajua nilimtumia mjukuu wake dawa ya mende, na mke wangu ataonekana amevunja nyumba ya mwenzake bure. Nikinyamaza, yule mwanamke ataitwa mchawi maisha yake yote. Tena sina hakika, maana mtoto wa memsahib anapakwa kila siku na hana neno.

Ninyi wenye watoto mnaoijua poda hii, nishaurini. Ndiyo iliyomlaza mwanangu? Na kama ndiyo, nimwandikie nani kwanza: mdogo wangu, mke wangu, au shemeji yangu huko kwao?