Mwimbaji Aliyeomba Radhi Redioni

Nilikuwa shabiki wa ile bendi ya ng'ambo ya ziwa kabla sijawa mke wa mtu, na nilipoolewa niliingia nayo nyumbani pamoja na masufuria yangu. Tulikuwa kundi la wanawake wa mtaa wa Waswahili, mjini Rumonge. Kila mara bendi ilipotoa santuri mpya tulinunua vitenge vya namna moja na kitambaa tukakipa jina la wimbo, kisha tukavaa sare kwenye harusi mpaka watu wakasema tumerogwa. Mume wangu alikuwa fundi cherehani, kwa hiyo alitushonea yeye. Nilikuwa nasimama mbele yake, pini zimejaa begani, naye anapima, na mimi ninamsifu mwimbaji wao: sauti yake, suti yake, mwendo wake. Zaidi ya yote nilisifu lile gitaa linalofungua wimbo wao mkubwa. Linaanza peke yake, taratibu, kabla ngoma na sauti hazijaingia, na kila nilipolisikia niliacha chochote nilichoshika. Mume wangu alikuwa anatoa pini mdomoni, anasema, "Geuka," basi.

Nilijua kwamba ujana wake aliumalizia Albertville, mji wa bendi ile, na kwamba alirudi kwa mashua wakati Wakongo walipopata uhuru wao, miaka miwili kabla ya wetu. Nilipomwuliza kama aliwahi kuiona bendi ile kwa macho yake, alijibu kwamba alikuwa anawabebea vyombo. Hata hilo nililitangaza. Niliwaambia wenzangu wote kwamba mume wangu alilishika gitaa lile kwa mikono yake miwili, na wao wakanionea wivu.

Redio tuliyokuwa tunasikiliza ilikuwa ya kinyozi, aliyepanga chumba cha pili kwenye baraza letu. Ilikuwa redio kubwa ya mbao, na mawe yake, zile betri, aliyaanika juani yakichoka ili yapate nguvu tena. Jumapili moja alasiri, mwaka mmoja hivi kabla ya ule wa sabini na mbili, ikatangazwa kwamba mwimbaji wetu atahojiwa kwa Kiswahili kwenye redio ya ng'ambo. Tulijaa barazani. Shoga yangu muuza ndagala alikuja na mikono bado inanuka samaki, akakaa karibu na redio kuliko mwenye redio. Mume wangu alibaki kwenye cherehani yake. Alisema ana suruali ya mtu ya kumalizia.

Tulidhani tutasikia habari za safari na santuri mpya. Mtangazaji naye alidhani hivyo, maana alicheka sana mwanzoni. Lakini mwimbaji alikuwa na lake. Alisema sauti yake imekwisha, kwamba zile sehemu za juu haziwezi tena, na kwamba kwenye dansi hujifanya anawapa mashabiki waimbe kwa mapenzi kumbe ameshindwa. Alisema pombe imemla. Alisema wenzake walioacha bendi hawakuondoka kwa sababu ya kiburi chao, ila kwa sababu ya kiburi chake. Mtangazaji aliacha kucheka. Akamwuliza basi juu ya ule wimbo mkubwa, nafikiri ili kumrudisha kwenye mambo ya furaha.

"Lile gitaa la mwanzo haiko yangu," alisema mwimbaji. "Kwa santuri wameandika jina yangu, lakini njo ya kijana mumoja wa Rumonge. Wakati wa uhuru batu walisema kila mugeni arudi kwao. Mimi ningeweza kumutetea. Nikanyamaza, juu nilitaka wimbo ubakie wangu." Akakohoa. "Kama iko muzima, anisamehe. Na ninyi bote mulicheza kwa jina yangu, munisamehe."

Cherehani ilikuwa imesimama. Mlio wake sikuwa nausikia mpaka ulipokoma.

"Kijana wa Rumonge?" aliuliza kinyozi. "Njo nani huyo?"

"Fundi alikuwa anawabebea vyombo," nilisema, na maneno yale yalipotoka mdomoni mwangu mwenyewe nikayasikia yalivyo. Niligeuka. Mume wangu alikuwa ameweka mkono juu ya gurudumu la cherehani, anaangalia suruali ya watu. Vidole vyake virefu nilikuwa nimeviona kila siku, nikadhani ni vya mkasi.

Hapo ndipo mabishano yalipoanza. Kinyozi alikasirika. Kwake yeye, mtu mzima hajivui nguo mbele ya mikoa yote, na kama ana dhambi akazungumze na padri wake. Mimi nilimjibu kwamba nimewasikia wakubwa wengi kwenye redio ile, wenye vyeo na magari, na huyu ndiye wa kwanza niliyemsikia akisema kosa ni lake. Nilisema nampenda zaidi kuliko jana. Nilisema hivyo, na nilikuwa pia na hasira, ila sikujua niimwage kwa nani.

Shoga yangu ndiye aliyekata maneno. Alisimama katikati ya baraza akapiga makofi.

"Ninyi hamusikii? Huyu mutu iko nakufa."

Tukaacha kubishana, kwa sababu alisema kweli, au tuliona ni kweli. Kwetu mtu haombi radhi kwa watu wote isipokuwa kwa sababu mbili. Ama anakwenda Makka, ama anakwenda kaburini. Na mwimbaji wetu alikuwa Mkristo, kila mtu alijua, kwa hiyo Makka haendi. Ilipofika magharibi mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba mwimbaji yuko kitandani. Tukachanga mchele, tukamwita mwalimu wa madrasa amsomee dua. Mwalimu aliuliza mgonjwa ni wa dini gani. Tulipomwambia akafikiri kidogo, akasema afya ni ya Mungu, haina ubaya kumwombea mtu. Alisoma dua ndefu kabisa, na baadaye tukamkuta anaimba ule wimbo puani akivaa viatu.

Lakini dua ilikuwa upande mmoja. Upande wa pili alikaa mume wangu. Mtu anayekufa ameomba radhi, na mwenye kuitoa yuko hai, yuko Rumonge, anashona. Watu walikuja mmoja mmoja kukaa kwenye benchi la wateja. Walimwambia amwachilie mwenzake, asimfunge njiani. Yeye aliendelea kukanyaga cherehani.

"Yeye alininyamazia," aliwajibu. "Na miye nanyamaza."

Nilimsubiri mpaka tukabaki wawili, nikammwagia yangu. Miaka yote nimesimama mbele yako, nilimwambia, pini begani, ninamsifu yule mpaka mate yananikauka, na wewe unashona tu, hukuweza kuniambia hata neno moja? Nilidhani atajitetea. Aliinua uso, na alikuwa anatabasamu kwa aibu, kama siku aliyokuja kwetu kuposa.

"Ulikuwa unasifu gitaa, bibi," alisema. "Mi nilikuwa nasikia muzuri."

Nililia, nikacheka, nikamrushia kipande cha kitambaa. Akaniuliza kama nimemsamehe kwa kunificha. Nikamwambia radhi yangu ingoje, nitampa siku nikipenda. Tangu hapo ikawa mchezo wetu. Kila alipomaliza kunishonea nguo aliuliza, "Umenisamehe?" nami nikijizungusha mbele ya kioo namjibu, "Bado!" Alikuwa anafurahi sana na ile bado.

Radhi ya mwimbaji, mume wangu aliitoa mwenyewe, bila kusukumwa, siku ambayo watu walikuwa wamechoka kumsihi. Redio ilipiga ule wimbo. Gitaa likaanza peke yake. Mume wangu aliondoka kwenye cherehani, akaenda mpaka kwa kinyozi, akainama mbele ya redio, mdomo karibu na kile kitambaa cha spika.

"Nimekusamehe, kaka," alisema.

Kinyozi alicheka mpaka akaweka wembe chini. "Tazameni, Fundi anajibu sanduku!" Shoga yangu alimwambia Fundi asijali, sanduku halipeleki, atapeleka yeye. Aliwapa ujumbe wafanyabiashara wa ng'ambo waliokuwa wananunua ndagala zake ufukweni, mdomo kwa mdomo, na akawatisha kwamba asiyefikisha hatamwuzia tena.

Jibu lilichelewa, na lilipofika lilitutia haya wote. Mwimbaji haumwi. Wafanyabiashara walimkuta mezani ana samaki mukeke mzima na ugali, anakula hata kichwa. Hajaumwa tangu mwaka uliopita. Alishangaa sana aliposikia Rumonge wamemsomea dua, akauliza ni nani amemwua.

Mume wangu aligeuka kwa shoga yangu. "Vraiment, kweli mumenitolesha radhi ya bure!"

"Basi irudishe," nilimwambia.

Alifikiri, akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi. Hakuirudisha. Na mimi heshima yangu kwa yule mwimbaji ndipo ilipokita mizizi. Anayekufa ana haraka, anaomba radhi kwa woga wa anakokwenda. Huyu alikuwa mzima, anakula, uongo wake umemfaa miaka yote na hakuna aliyemwuliza. Angeweza kuzeeka nao vizuri. Aliuacha kwa hiari yake, mbele ya watu wote waliomwamini, na mpaka leo sijaona ujasiri uliouzidi ule.

Kisha akaja. Alivuka ziwa bila bendi yake, bila suti, na gitaa limefungwa kwenye kanga. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Alikaa kwenye benchi la wateja akataka kuanza maneno aliyoyapanga, na mume wangu akamzuia.

"Nilishakujibu kwa redio," alisema. "Hukusikia?"

Wakashikana mikono, hawakuachana. Niliingia ndani kuvaa kitenge cha ule wimbo, maana siku kama ile sikuweza kukaa na nguo ya jikoni. Nilipotoka mume wangu alikuwa na gitaa mapajani. Vidole vilikuwa vimekauka kwa mkasi, alikosea, akarudia, akakosea tena. Kisha likaja. Kinyozi aliacha mteja amenyolewa upande mmoja, na yule mteja hakulalamika. Mwimbaji aliimba, na alipofika kule juu sauti ikakatika, hakujificha, aliiacha ikatike mbele yetu. Sisi wanawake tukaipokea tukaimalizia. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mume wangu, na sijawahi kujivunia mtu kama alasiri ile.

Mwishoni mwa mwezi wa nne wa mwaka wa sabini na mbili watu wenye silaha waliingia Rumonge wakaua. Halafu wakaja wanajeshi, na kuuawa kwa watu kukaendelea wiki nyingi, mjini na milimani. Mume wangu aliitwa akahojiwe. Walisema ni maneno machache tu, atarudi jioni. Aliacha gauni langu kwenye cherehani, mkono mmoja umeshonwa, mwingine bado. Hakurudi, na hakuna aliyenionyesha alipolazwa. Kinyozi naye alichukuliwa. Baraza likabaki na redio ambayo hakuna aliyethubutu kuifungua.

Shoga yangu alitupatia nafasi, mimi na watoto, kwenye mashua ya wafanyabiashara wake. Tulivuka, tukashuka polepole mpaka Albertville, ambao wakati ule walikuwa wameshaubadilisha jina kuwa Kalemie. Nilimtafuta mwimbaji kwa sababu sikuwa na mwingine ninayemjua upande ule. Nilimwambia. Alikaa chini, kwenye udongo, mbele ya mlango wake.

"Nani alimuzika?" aliuliza.

"Hakuna."

"Na nani alimuombea radhi?"

Ingawa alikuwa Mkristo, alikulia kati ya Waswahili, alijua desturi zetu. Kabla maiti hajateremshwa, ndugu mmoja husimama akawaambia watu: mwenye neno na marehemu amsamehe. Na watu hujibu kwamba wamesamehe. Nilimwambia hakuna aliyesimama, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kusimama. Alitutafutia chumba kwa jirani yake, akatuletea samaki na unga, na Jumapili akanitumia ujumbe nikae karibu na redio.

Walimwita redioni kuzungumzia wimbo mpya. Alipopewa nafasi hakuuzungumzia.

"Iko fundi mumoja wa Rumonge," alisema. "Njo mwenye lile gitaa ya mwanzo, munalijua bote. Amekufa, na kaburi yake hatuijui. Mimi niko ndugu yake, nasimama pa nafasi yake. Kila mutu mwenye neno na yeye, amusamehe."

Kisha hawakuweka sauti yake. Waliweka gitaa.

Kwetu wanawake hatufiki makaburini. Maneno yale huulizwa wanaume, na wanaume ndio hujibu, sisi tuko nyumbani na vilio vyetu. Nilikuwa nimezika baba na kaka bila mtu kuniuliza. Siku ile niliulizwa. Watoto walikuwa wamekaa mkekani wananitazama. Niliinuka, nikaenda mpaka kwenye redio ya watu, nikainama kama alivyoinama yeye, mdomo karibu na kitambaa cha spika, na gitaa lilikuwa bado linapiga peke yake.

"Nimekusamehe, fundi," nilisema.