Magamba Nyuma ya Stoo

Jogoo wa mama mkwe wangu aliacha kuwika.

Siku ya kwanza nilishukuru, sitadanganya. Siku iliyofuata akaanza kuyumba kama mlevi. Anaanguka ubavu, anainuka, anaanguka tena.

"Kuna mtu ana jicho baya na kuku wangu," mama mkwe akasema, huku ananitazama mimi.

Nikacheka. Jamani, sikujua nacheka nini.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, la sivyo mtadhani hii ni habari ya kuku.

Mimi ni fundi bomba. Naishi na mke wangu, binti yetu mdogo tunayemwita Bosi kwa jinsi anavyotuamrisha, na mama mkwe, ambaye nyumba ni yake. Bosi alianza kulalamika tumbo. Akapauka. Kisha akaanza kusahau maneno aliyokuwa anayajua. Anakishika kijiko mkononi, jina lake halimjii.

Hospitali wakampima damu. Ina madini ya risasi, yale ya kwenye betri za magari.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anafanya kazi kwenye maabara ya maji. Akachota maji ya kisima chetu akaenda kuyapima. Aliporudi hata kiti hakukitaka. Zamani nyuma ya ukuta wetu kulikuwa na watu wanaoyeyusha betri mbovu, na sumu ilikuwa imezama ardhini mpaka kisimani.

Sasa hapo ndipo penye kazi. Kisima kile alikichimba marehemu baba mkwe kwa mikono yake. Mama mkwe hufagia pale kila asubuhi kabla hajafagia sebule.

"Mama asijue," mke wangu akasema. "Atakufa kwa uchungu."

Shemeji akaafiki. Mimi mkwe tu, ningesema nini?

Bomba la mtaa lilikuwa halijatufikia, na maji ya kununua yalitushinda mapema. Ndipo shemeji akaja na dawa iliyonichekesha: magamba ya kaa na ya kamba. Nilikuwa nazibua mabomba ya hoteli moja inayopika vyakula vya baharini, na magamba wanayatupa ndoo kwa ndoo. Tukayaosha, tukayaanika, tukayaponda, tukajaza pipa lenye koki chini. Unamimina maji juu, magamba yanaikamata risasi, chini maji yanatoka safi. Shemeji akayapima kabla Bosi hajaonja tone. Safi kabisa.

"Magamba yakichoka, badilisha," akaniambia. "Ya zamani usitupe ovyo. Sumu yote iko humo. Yafunike, nitakuja kuyachukua."

Nikawa nayaweka kwenye pipa jingine lenye mfuniko, nyuma ya stoo yangu ya vifaa.

"Mkwe wangu, hayo magamba ya nini?" mama mkwe akauliza.

"Yanalainisha maji, mama."

"Maji ya mume wangu yalikuwa magumu lini?"

Nikajifanya natafuta spana.

Bosi akaanza kuchangamka. Neno "kijiko" likarudi. Tukapumua.

Halafu akadidimia tena. Tumbo, kupauka, macho mazito. Damu ikapimwa: risasi imepanda.

"Mtoto anaipata mahali," daktari akasema. "Na bado anaendelea kuipata."

Shemeji akapima maji. Safi. Akarudia. Safi. Mke wangu akaanza kunitazama kwa jicho la pembeni.

"Wewe ndiye unayeshika mabomba ya zamani," akasema.

Nikawa navua nguo za kazi uani, naoga, ndipo nimguse mwanangu. Akinikimbilia mlangoni, namkwepa. Iliniuma, acha tu.

Ndipo jogoo akaacha kuwika.

"Na ninavyowalisha vizuri!" mama mkwe akalalama. "Maganda ya mayai siku hizi magumu kama kikombe."

"Unawalisha nini, mama?"

Akatabasamu, akaninyooshea kinu.

"Magamba yako, mkwe. Yale unayoyarundika nyuma ya stoo. Nayatwanga, nachanganya na pumba. Nyinyi vijana mnatupa mali."

Nikakimbia nyuma ya stoo, nikafunua pipa. Karibu tupu.

Sikuhitaji kuuliza mayai yanaliwa na nani. Nilikuwa naona kila asubuhi: bibi analichemsha yai, analimenya, analipuliza lipoe, anampa mjukuu wake apate nguvu. Na wakati ule Bosi alikuwa mezani, yai liko mkononi.

Nikakimbilia ndani, nikaupiga ule mkono. Yai likaruka. Bosi akapiga yowe, mke wangu akatoka mbio.

Nikayasema yote hapohapo, heshima ya ukwe nikaiweka kando. Kisima. Betri. Magamba.

Mama mkwe akaketi sakafuni. Hakulia.

"Mlijua wote?"

Mke wangu akaitikia kwa kichwa.

"Mngeniambia kisima cha mume wangu kina sumu, ningelia, kisha ningenyamaza. Sasa nimemlisha mjukuu wangu sumu kwa mkono wangu. Hili nitalinyamazia vipi?"

Nikampigia shemeji simu.

Shemeji alikuja mchana uleule. Akabeba magamba, kuku, pumba, hata kinu. Bosi akaanzishiwa dawa. Maneno yanarudi, si yote, polepole. Juzi aliniamrisha nimfunge viatu, nikamfunga, kisha nikaenda kulia bafuni.

Na mama mkwe, yule tuliyesema atakufa kwa uchungu? Kesho yake alivaa viatu, akapita nyumba kwa nyumba.

"Kisima cha mume wangu kina sumu. Nendeni mkapime vyenu."

Visima viwili vya majirani vikakutwa hivyohivyo. Watoto wao walikuwa wanakunywa muda wote ule tuliokuwa tunatunza siri yetu.

Mficha maradhi kifo humuumbua, msemo huo nimeusikia tangu utotoni. Ila sisi tuliyaficha kwa upendo, tukadhani upendo una msamaha wake. Magamba yanatoa sumu kwenye maji, hilo nimeliona kwa macho yangu. Lakini sumu ikitoka kwenye maji haijafa, imehama. Ukijua ilipohamia, mwambie kila anayepika katika nyumba hiyo.

Pipa la nyuma ya stoo sasa lina kufuli. Ufunguo anao mama mkwe.