Kalamu za Wageni wa Gesti

Wenzangu mliokulia Kariakoo wakati mitaa yake mingi bado ina mchanga, na nyumba ni za vyumba sita na ua mmoja, mtanielewa nikisema hatukujua kama sisi ni maskini. Hakuna aliyekuwa ametuambia. Asubuhi tulienda shule na ufagio wa chelewa mkono mmoja, kidumu cha maji mkono mwingine. Mchana tulikula kwa yeyote ambaye chungu chake kimeiva kwanza. Jioni tulicheza rede, ule mchezo wa kumlenga kwa mpira aliye kati, mpaka mpira wa soksi unafumuka matambara, tukauziba kwa uzi, tukaendelea. Barafu za ukwaju, embe mbichi za chumvi na pilipili, mihogo ya kukaanga iliyofungwa kwenye gazeti: tuliamini kabisa kwamba hata watoto wa Upanga wanatuonea wivu.

Nyumba ilikuwa ya Bibi Mwanahawa, mama yake baba yangu. Yeye alikaa chumba cha mbele, sisi tukafuatia, vyumba vingine alipangisha. Chumba cha mwisho karibu na choo walikaa wazazi wa Tatu, watu wa Lindi. Tatu alikuwa rika langu, darasa langu, na mwenzangu wa kila adhabu.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu ilikuwa gesti. Zamani walilala pale wafanyabiashara wa mikoani waliokuja kuchukua mzigo sokoni. Halafu, sijui nani alimwambia nani, wakaanza kufikia Wazungu vijana wenye mabegi makubwa mgongoni. Walilala siku moja au mbili wakisubiri boti ya Zanzibar. Kwetu ilikuwa sinema ya bure. Tulikaa ukingoni mwa mtaro kuwatazama wanavyokunywa soda na kujipaka mafuta meupe puani.

Siku moja mmoja wao akampa Tatu kalamu. Kalamu ya wino wa bluu, mpya, ina kifuniko. Hakuomba, alikuwa amesimama tu. Kesho yake tukaenda wawili. Keshokutwa tukawa tumeshajua kuomba kwa Kiingereza. Haikupita muda Tatu akagundua jambo: ukiwa na kandambili miguuni unapata pipi, ukiwa peku unapata kalamu. Basi tukawa tunaficha kandambili zetu chini ya benchi la kinyozi, tunajipaka vumbi magotini, tunainamisha shingo. Tatu alikuwa fundi. Angeweza kulegeza macho mpaka na mimi, niliyemwona anakula sahani mbili za wali, nikamwonea huruma. Wengine walitupiga picha. Madrasa tukaanza kuikosa. Kalamu tulizihifadhi kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda, wala hatukuziandikia. Raha yake ilikuwa kulitikisa kopo tu.

Mchana mmoja nimesimama mbele ya gesti, mkono nimeunyoosha, sura nimeikunja, nikaona kivuli cha kapu. Bibi alikuwa anatoka sokoni na nazi zake. Hakupiga kelele. Aliweka kapu chini akanitazama kuanzia utosini mpaka kwenye vidole vya miguu.

"Nani amekufa nyumbani?" akauliza.

"Hakuna, Bibi."

"Sasa hiyo sura umeitoa wapi?"

Tatu alishaanza kurudi kinyumenyume kuelekea kwa kinyozi, Bibi akamwita kwa jina lake na la baba yake. Kopo lenyewe lilipatikana haraka. Bibi akatutuma tukaoge, tukavae nguo za Idd, tukavae na kandambili. Kisha akatufunga vidole vyetu kwenye vidole vyake, mmoja kulia mmoja kushoto, tukarudi gesti.

Mpokea wageni alikuwa kaka Hamisi, kijana aliyekuwa na Kiingereza cha kutosha. Pale barazani alikaa dada mmoja wa Kizungu, mrefu kuliko mlango, pua imebabuka kwa jua. Ndiye aliyenipa kalamu ya mwisho. Bibi akaliweka kopo mapajani mwa yule dada.

"Hamisi, mwambie hawa watoto wana kwao. Leo wamekunywa chai na mihogo. Na viatu wanavyo, kama anavyoona."

Hamisi akatafsiri kwa maneno machache kuliko ya Bibi. Nadhani aliyalainisha. Hata hivyo yule dada akawa mwekundu uso mzima, akasema kitu kwa sauti ya chini.

"Anasema hakujua, Bibi. Alifikiri anasaidia."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja na wajukuu, sikuja na fimbo. Mwambie kesho mchana aje ale kwangu, yeye na wenzake. Tukishajuana, atoe anachotaka."

Usiku ule nililia kwa aibu. Nilitaka kupotea. Nilijua mtaa mzima umeona, na kweli ulikuwa umeona. Lakini kesho yake walikuja wanne, na aibu yangu haikufika hata saa nane.

Bibi hakuwakalisha kwenye viti. Aliwapa kazi. Yule dada mrefu alikalishwa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, magoti yakamfika masikioni, akakuna nazi nusu na vidole nusu. Kijana mwenye ndevu alichambua mchele, akatupa mchele akabakiza mawe. Mama yake Tatu alicheka mpaka akaenda kuegemea ukuta. Tukala wali na samaki wa kupaka, wote kwa mkono, sinia moja, nao wakimwaga wali mkekani kama vifaranga. Hamisi alichoka kutafsiri akaamua kula.

Baada ya chakula tukawatoa nje kwenye rede. Hapo ndipo Tatu alipomlipa yule dada kwa aibu yote ya jana. Mtu mrefu vile hana pa kujificha. Alipigwa mpira mgongoni, mguuni, tumboni, na kila akipigwa alicheka, akaomba kuingia tena kati. Watu wa madukani walitoka kutazama.

Siku ya kuondoka yule dada alimrudishia Bibi lile kopo. Bibi akagawa kalamu kwa watoto wa mtaa mzima, sisi wawili akatuweka mwisho wa foleni. Yangu haikuwa na wino.

Tangu hapo Hamisi akawa anawaleta wageni kwetu, wenyewe wakitaka. Waliokuna nazi walikula, waliokataa waliaga kwa heri. Miaka kadhaa mambo yakaenda hivyo, Bibi akiwa mwenyeji wao, mpaka alipofariki.

Baadaye wageni waliongezeka kuliko mtaa. Gesti ikabomolewa, likapanda ghorofa. Wenye nyumba wakaona vyumba vya kulaza wageni vina faida kuliko vya kupangisha familia. Kodi zikapanda, ua mmoja baada ya mwingine ukafungwa. Mtaro tuliokaa kutazama watu ukajaa chupa za plastiki za maji, mvua ikinyesha unafurika mpaka dukani. Wazazi wa Tatu walihamia Kigamboni. Warithi wa Bibi, na baba yangu akiwemo, waliuza nyumba. Sisi tukaenda Mbagala. Wale tuliokula sinia moja sasa tunakutana kwenye harusi na misiba, tunaulizana, "Na fulani yuko wapi siku hizi?"

Lakini nisiseme yote ni hasara, maana binti yangu Rehema anakula kwa kazi hiyohiyo. Anatembeza wageni Kariakoo kwa miguu: viungo, vitenge, kahawa na kashata. Ni kizazi chao kile, hali chapati kabla hajaipiga picha tatu, na akipotea Mbagala anauliza simu badala ya kumuuliza mtu aliyesimama mbele yake. Mwezi uliopita nilimfuata kazini. Nilimwona mgeni anainua kamera kumpiga picha mpagazi mwenye gunia kichwani, Rehema akaishusha kamera kwa mkono wake, taratibu.

"Msalimie kwanza," akamwambia. "Akikataa, basi."

Mpagazi alikubali, akarekebisha na kola ya shati. Nikajikuta natembea kama mimi ndiye mwenye soko.

Jua lilikuwa kali, Rehema akaniambia, "Mama, nenda kanisubiri pale juu hotelini, kuna upepo. Wananijua." Nikaingia kwenye lifti. Nilipotoka kibarazani ghorofa ya nne, nikatazama chini, nikaona pembe ya mtaa, na pale alipokaa kinyozi, ndipo nikaelewa nimesimama wapi. Hapa ndipo ilipokuwa nyumba yetu.

Zamani nyumba ile tuliingia bila kubisha. Sasa nilikuwa nimeandika jina langu kwenye daftari la mlinzi. Zamani ungesimama uani ukaita, wakaitika watu wa vyumba sita. Nilisimama pale, sikuwa na wa kumwita, nikasikia mashine za viyoozi tu na kelele tamu za sokoni, ambazo nashukuru hazijabadilika.

Kibarazani alikuwepo mama mmoja wa Kizungu, mzee wa umri wangu, na kijitabu cha kujifunzia Kiswahili. Aliniona nimeshika reli, machozi yananilengalenga, akadhani ni ugeni.

"Karibu," akasema, polepole, akiangalia kitabu. "Hii ni mara ya kwanza wewe kuja Kariakoo?"

Nilicheka mpaka nikalazimika kushika ukuta. Yeye naye akacheka, bila kujua anacheka nini.

"Nimezaliwa hapa, mama," nikamwambia. "Hapahapa, chini ya miguu yako."

Alifungua kurasa zake akatafuta neno, hakulipata. Akakifunga kitabu, akanisogezea kiti.