Mivukuto Nje ya Uzio

Mwanamke yule alikuja kujifungua akiwa na mzigo wa kuni kichwani. Alikuwa anatembea hatua tano, anasimama, anashika kiuno, anahema, kisha anaendelea, na mzigo hautui. Mimi nilikuwa juu ya ngazi nikifunga bati lililong'oka kwenye paa la wodi ya wazazi ya kambi, kazi ya siku mbili tu. Nilishuka mbio nikampokea. Halafu nikamfuata muuguzi mkuu, ambaye kila mtu alimwita Sista, nikamuuliza ni kichaa gani aliyemtwisha kuni mama mwenye uchungu.

"Ndio utaratibu wetu," alisema, wala hakuona haya. "Kuni za mgawo zinaisha saa sita mchana. Anayekuja baada ya hapo asipokuja na zake, mwanawe ataogeshwa maji ya baridi na shuka lake halitachemshwa. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Mimi nikishindwa hoja hukasirika.

Hiyo ilikuwa miaka ya wakimbizi wa Burundi. Mimi nilikuwa naishi Kasingirima na kufanya kazi Bangwe, kwenye karakana ya kuchomelea vyuma karibu na ziwa, mwanamke peke yangu kati ya wanaume sita ambao walishachoka kunitania. Nilikuwa nimesomea ufundi, na jambo hilo nilihakikisha watu hawalisahau. Kirundi nilikisikia vizuri kwa sababu mama yangu ni Muha, na lugha hizo mbili zinakaribiana kiasi kwamba ukichoka na moja unaweza kumalizia sentensi kwa nyingine. Mjini watu walikuwa wakiwanung'unikia wakimbizi kwa kila kitu, hadi dagaa wakiadimika ziwani. Na mimi nilinung'unika kama wengine, mpaka siku ile ya kuni.

Nilikwenda nyuma ya wodi kuangalia moto wenyewe. Pipa limekaa juu ya mawe matatu, kuni zimesukumwa chini yake, na moshi umejaa uani hadi wafua shuka wanafanya kazi wamefumba macho. Niliweka kiganja ubavuni mwa moto: joto. Nikaweka upande wa pili: joto lile lile. Basi moto huu unampasha nani? Nikacheka peke yangu. Sehemu kubwa ya mgawo wa kuni ilikuwa inapasha moto anga ya Kigoma.

Nilimwomba Sista pipa moja kuukuu. Alinipa, lakini lilikuwa pipa la kupikia uji wa watoto, na alilitaka mwisho wa mwezi. Tulikubaliana hivi: nikiweza kuchemsha maji ya siku nzima kwa kuni za mgawo peke yake, pipa litabaki kwangu na ule utaratibu wa wajawazito kubeba kuni utafutwa. Nikishindwa, pipa linarudi kwenye uji.

Nilipitisha bomba katikati ya pipa ili moshi upite ndani yake, ukizungukwa na maji, kabla ya kutoka. Chini yake nikajenga tanuru la udongo wa kichuguu, na ndani ya tanuru nikaweka chanja ya nondo ili kuni zisilale juu ya majivu. Kuni zote nilizikata urefu wa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, nipate kuzihesabu. Jaribio la kwanza lilikula vipande hamsini na sita, na moshi ulikuwa mwingi kuliko wa pipa la mawe matatu. Wafua shuka waliniangalia kwa huruma, na kwa mtu kama mimi hilo ni baya kuliko matusi.

Nilikaa mbele ya moshi ule siku nzima. Ulikuwa mzito na wa manjano, na uliacha kitu cha kunata kwenye vidole. Nikajiuliza: kama majivu ni kuni zilizokwisha kuungua, moshi ni nini? Nikawasha kitita cha nyasi, nikapanda ngazi, nikakisogeza kwenye mdomo wa bomba. Moshi ukashika moto! Ulimi wa mwali ulisimama juu ya bomba kwa kitambo, ukazimika. Nilishuka nikipiga kelele kiasi kwamba Sista alitoka akidhani nimeungua. Nilimwambia moshi ni kuni ambazo hazijapata hewa ya kuungulia. Aliniambia nipunguze sauti, kuna watu wanajifungua.

Kwa hiyo nilihitaji upepo wa nguvu, na niugawe: mwingine upite chini ya chanja, mwingine uingie kwa matundu madogo juu ya mwali, uumalizie moshi humo humo. Feni ilikuwa haiwezekani, kwani jenereta ya kambi iliendesha jokofu la chanjo tu. Nilimweleza Sista shida yangu, akanielekeza kwa mhunzi.

Alikuwa mzee mwembamba aliyefua majembe kwa springi za magari chini ya turubai. Wenzake walikimbia wamebeba magodoro na masufuria, yeye alibeba mivukuto: bakuli mbili za mti zilizoungana, kila moja imefunikwa ngozi ya mbuzi iliyolegea, na juu ya kila ngozi kijiti cha kuinulia na kushushia. Alivishika vijiti vile kwa mikono miwili, mmoja juu mmoja chini, na makaa yakawa meupe.

"Shikamoo, mzee," nilisema, na kabla hajamaliza kuitikia nikawa nimepiga magoti kuchungulia.

"Usiiguse!" alisema. "Kwetu mwanamke hashiki imivuba, mivukuto hii, wala hairuki. Angalia kwa macho."

Niliangalia kwa macho, nimenuna. Nikamweleza boila langu, yaani lile pipa la kuchemshia maji, na yule mama wa kuni. Alisikiliza huku akivukuta, na nilipofika kwenye kuni mikono yake ilisimama.

Alikuwa na mkamwana mwenye mimba ya miezi minane, akiishi kibanda cha jirani. Mwanawe, mume wa huyo binti, walipotezana wakati wa kukimbia na hakuna aliyeleta habari zake. Binti alikuwa akikusanya kuni za siku yake ya kujifungua kidogo kidogo, akizifuata mbali, upande wa Kidahwe. Juma lililopita alirudi bila panga, mikono imechanwa na miiba, kwa sababu wenyeji walimkimbiza. Wenyeji hao ni wajomba zangu. Siwezi kuwalaani, vichaka vyao vilikuwa vinakwisha mbele ya macho yao, lakini niliona aibu.

"Kwa nini humkatazi asiende?" niliuliza.

Alinitazama kana kwamba nimezaliwa Ulaya. Nilijua jibu kabla hajalisema, maana hata upande wa mama yangu ni hivyo: baba mkwe na mkamwana huheshimiana kwa kukwepana. Hawakai pamoja, hawasemezani mambo ya mwili, na binti hatamki hata jina la mkwewe. Mzee atamkataza kwa mdomo gani?

"Nitakuja na imivuba," alisema. "Kesho."

Alikuja, na hapo hapo tukakwama. Wanaume hawaingii uani mwa wodi ya wazazi. Mivukuto haishikwi na wanawake. Boila liko uani. Nilimwambia mzee mila zake zitaniua kwa presha, akanijibu kwa upole kwamba hata mila za Sista ni kali, yeye hajaona mtu akizigombeza. Ilikuwa kweli. Tulikaa pande mbili za uzio wa matete, mimi ndani yeye nje, tukibishana bila kuonana, na katikati ya ubishi nikauona uzio wenyewe. Kwani upepo una jinsia? Nikatoboa matete, nikapitisha bomba la maji lililotupwa, mivukuto ikakaa nje kwa wanaume, moto ukabaki ndani kwa wanawake.

Jaribio hilo lilikula vipande ishirini na tisa. Maji yalichemka, lakini nilitaka zaidi, na jicho langu lilikuwa limeshika dosari moja. Pale midomo ya mivukuto ilipoelekea kwenye bomba, mzee aliacha pengo la upana wa vidole viwili. Ukiweka mkono unasikia upepo ukipotea pembeni.

"Mzee, hapa panavuja. Nipazibe."

"Oya, mukobwa wanje," alinikatalia kwa Kirundi, akiniita binti yake. "Hapo paache."

"Lakini upepo unapotea!"

"Paache," alisema, na hakueleza, maana hajawahi kuulizwa. Aliachiwa pengo hilo na baba yake, naye akaliacha.

Mimi niliyesoma niliona huo ni uzembe wa kurithi. Siku Sista alipokuja kutazama, niliwahi asubuhi kabla ya mzee, nikapaziba kwa udongo na mpira, nikafunika kwa gunia asipaone. Alipoanza kuvukuta, mwali uliruka vizuri sana na nikamkonyeza Sista. Mara mzee akasema mikono imekuwa mizito. Ukafuata mlio, *puu*, nje ya uzio, na harufu ya ngozi inayoungua. Nilizunguka mbio. Mzee alikuwa amekaa chini, nyusi zimeungua, hakuumia. Ngozi moja ilikuwa imepasuka.

Aliondoa gunia. Akagusa udongo wangu kwa kidole.

"Nani ameziba?"

"Mimi."

Nilitamani anitukane. Alichukua kijiti akakiinua taratibu juu ya ngozi iliyobaki. "Imivuba haina mlango mwingine," alisema. "Inavutia pale pale inapopulizia. Ukiziba, inavuta nini?"

"Moto," nikasema. Moto, na ule moshi ambao ni mimi niliyegundua kwamba unawaka. Nilikuwa na elimu yote ya kulielewa pengo lile, nilichokosa ni adabu ya kujiuliza kwa nini lipo. Nililia mbele yake, na sisingizii moshi.

Sista alisema zimebaki siku nne mwezi uishe. Ngozi ya mbuzi kambini haikupatikana, kila mbuzi alikuwa ameshaliwa na mwenye kumla. Nilipanda lori la mchana hadi mjini, nikarudi kesho yake na tyubu ya tairi la lori kutoka karakana. Nilidhani mzee atakataa. Aliinusa, akaivuta, akasema mnyama huyu hana manyoya lakini ngozi yake ni nzuri, kisha akaifunga mwenyewe kwa kamba za zamani. Pengo la vidole viwili nililipima mimi, kwa vidole vyake.

Vipande kumi na saba. Bomba la juu halikutoa kitu cha kuonekana, hewa tu ikitetemeka. Sista alihesabu kuni zilizobaki mara mbili, maana hakuniamini, halafu akatangaza kwamba kuanzia siku ile hakuna mama atakayekuja na kuni. Wafua shuka walipiga vigelegele. Mimi nilijifanya nakagua chanja.

Kilichofuata hatukukipanga. Zamani waume waliwasindikiza wake zao hadi langoni wakarudi zao kunywa pombe au kukaa tu. Sasa walikuwa na mahali pa kukaa na kitu cha kushika. Kila mmoja alimvukutia mke wake, mzee akiwafundisha, na wengine walivukuta kwa hofu hadi ilibidi niwapigie kelele kupitia uzio kwamba tunachemsha maji, hatuyeyushi chuma.

Mkamwana wa mzee alifika siku moja saa tatu asubuhi, mikono mitupu. Alipomwona mkwewe kwenye uzio alijifunika kitenge usoni, akapita upande wa pili. Mzee naye alitazama chini mpaka amepita. Kisha akakaa kwenye mivukuto.

Kijana mmoja ambaye mkewe alijifungua jana yake alimfuata. "Mzee, pumzika. Huyo nitamvukutia mimi."

"Oya."

Nilitoka nje, nikachuchumaa karibu naye. Nilimuuliza taratibu kama haitakuwa vibaya, mkwe mtu kuwa karibu hivi wakati kama huu. Hakuacha kuvukuta.

"Hii ni kazi ya mume wake," alisema. "Mume wake ni mwanangu. Namshikia mpaka aje."

Nilirudi ndani kwenye moto. Maji yalichemka, wakayachota, nikajaza tena, yakachemka tena. Jua lilikuwa limefika utosini tuliposikia kilio cha mtoto, na baadaye kidogo Sista akatoka akijifuta mikono. Ni wa kiume, alisema, na mama yake mzima. Maji yanatosha. Mwambie mzee aache.

Nilisogea kwenye uzio, nikachungulia kati ya matete. Alikuwa amesikia yote, hatua tatu tu kutoka pale. Macho yamefumbwa, uso umelowa, mikono inapanda na kushuka, mmoja juu mmoja chini. Ndani ya tanuru kuni zilikuwa zimekwisha. Nikachukua kipande kimoja, kisha kingine, nikavitia motoni ili asivukutie majivu.